Mrejesho: stendi za flashi kwa kazi za harusi

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza ninunue stendi gani za kuwekea flashi nje ya kamera: zile nyepesi zinazokunjika hadi sentimita 50, au zile nzito za mita 2.8. Asanteni sana mlionijibu.

Nimechukua zote, nyepesi mbili na nzito moja, na Jumamosi nilikuwa nazo kwenye harusi Kigamboni. Ukumbini zile nyepesi zimenifaa kabisa. Niliweka flashi tupu bila mwavuli wa kulainisha mwanga, kona mbili nyuma ya meza, nikazipandisha juu ya vichwa vya watu. Wahudumu walipita na sahani bila kujikwaa.

Ufukweni ndipo nilipoelewa mlichonionya. Upepo wa bahari ulijaa kwenye mwavuli, stendi nyepesi ikalala kabla sijaifikia. Flashi ilipona, lakini watoto walikuwa wanacheza hatua chache tu kutoka pale, na hilo bado linanikosesha raha. Nikahamia ile nzito: mguu mmoja nikauelekeza upande upepo unakosukumia, na mfuko wa mchanga wa kilo 5 nikauning'iniza chini karibu na miguu. Ilitulia. Hata hivyo nilimwambia msaidizi wangu asiiachie mkono mpaka tumalize picha za maharusi.

Yule aliyeniandikia kwamba mwavuli ufukweni ni tanga, nakushukuru kwa dhati. Mwisho wa mwezi nanunua nzito ya pili.