Leghorn, Marans au Bresse: yupi anafaa kwa mayai na nyama?

Banda_la_Nyuma
Ndugu wafugaji, ninaishi Ubelgiji na nina nafasi ya kuku wanane. Ninahitaji mayai ya familia na, mara mojamoja, jogoo wa kuchinja. Naomba mnilinganishie hawa watatu.

Kapu_la_Mayai
Kwa wingi wa mayai, Leghorn hana mpinzani kati ya hao. Ni kuku mwepesi wa Italia, aliyepewa jina la bandari ya Livorno, mwenye ndewe nyeupe na mayai meupe, na ni nadra kuatamia. Tatizo lake ni upanga mkubwa wa kichwani, hasa wa jogoo, ambao huumizwa na baridi kali. Kwa hiyo banda liwe kavu na lipitishe hewa, kwa sababu unyevunyevu huzidisha madhara hayo. Nyama yake ni kidogo mno.

Mfugaji_Mkimya
Ndugu Kapu, kwa sababu hiyo ya nyama mimi ningemchagua Marans, kuku wa magharibi mwa Ufaransa, ingawa hutaga machache. Mayai yake ya kahawia iliyokolea ndiyo yanayowavuta watu, lakini rangi hiyo huwekwa juu ya ganda mwishoni kabisa, na hufifia kadiri msimu wa kutaga unavyosonga mbele. Kwa hiyo ukienda kununua, omba kuona mayai ya miezi tofauti. Marans wa Kifaransa pia wana manyoya miguuni, ambayo hushika matope mvua inaponyesha.

Mama_Vifaranga
Bresse, mwenye manyoya meupe na miguu ya buluu, ni mzuri kweli, lakini sifa ya nyama yake haitokani na mbegu peke yake. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1957 inalinda jina hilo: kuku alelewe katika eneo la Bresse, apate angalau mita 10 za mraba za nyasi, kisha anoneshwe kwa nafaka na maziwa. Ukimlisha chakula cha kawaida cha dukani utapata nyama nzuri, si ile inayosifiwa.

Banda_la_Nyuma
Nimeelewa, mama. Je, ni yupi ataniangulia vifaranga?

Mama_Vifaranga
Baadhi ya Marans huatamia, ila usiwategemee. Tafuta mtetea mmoja wa aina ndogo mwenye tabia ya kuatamia, umwekee mayai ya Marans machache, kwa kuwa ni makubwa kwake.