Mrejesho: ile van ya kugeuza nyumba nimeiacha

Wakuu, niliuliza kama ninunue van ya mizigo iliyotumika niigeuze iwe ya kulala safarini. Mliosisitiza niiwashe injini ikiwa baridi mmeniokoa, asanteni sana. Nilifika nikakuta boneti ina joto, muuzaji ameshaipasha injini moto, na injini ya moto huficha kasoro. Nikaomba kurudi kesho yake alfajiri na fundi. Iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe usioisha, na chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando kama maziwa. Fundi akasema maji yanaingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda hedi imekufa, ile inayoziba ndani ya injini ili maji na oili visichanganyike. Tukainua zulia la nyuma. Bisibisi ikazama kwenye kutu juu ya tairi. Jumamosi nakagua nyingine, na nitaanza na chasisi.