Mjadala: Nini kiliidhoofisha tanzia (tamthilia ya kuhuzunisha) ya London, kumbi kubwa au sheria?

Mchangiaji wa kwanza: Nalaumu kumbi. Ukumbi wa Drury Lane wa 1794 ulichukua watu wapatao 3,600. Ulipoungua Februari 1809, ule mpya uliofunguliwa 1812 ukachukua kama 3,000. Aliyekaa roshani ya juu haoni nyusi zikikunjwa. Ndiyo maana waigizaji John Philip Kemble na dada yake Sarah Siddons walinyoosha mikono kwa upana na kutamka polepole, neno lipate kufika nyuma. Halafu taa. Safu ya taa za mafuta ilipangwa ukingoni mwa jukwaa, chini kabisa. Mwanga ukitoka chini, kivuli cha pua hupanda kuelekea paji la uso na sura yote huharibika. Joanna Baillie, mtunzi wa tanzia, alililalamikia hilo kwa maandishi mwaka 1812. Tanzia zake hufuata hisia moja ikikua moyoni kidogokidogo. Kwa mwanga ule ungeionaje?

Mchangiaji wa pili: Umemsahau mwigizaji Edmund Kean. Tarehe 26 Januari 1814 alicheza Shylock, mkopeshaji wa fedha katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, katika ukumbi huohuo wa Drury Lane. Mfupi, sauti ya kukwaruza, ameacha nywele nyekundu za desturi akavaa nyeusi, na silaha yake ni macho. Watu walimiminika. Basi tatizo si ukumbi, ni sheria ya 1737: tanzia ya maneno bila muziki ilibaki haki ya Drury Lane na Covent Garden, na Haymarket majira ya kiangazi. Meneja Robert Elliston alipoitaka Macbeth, tanzia ya Shakespeare, pale Royal Circus, ukumbi usio na haki hiyo, mwaka 1809, ilibidi aigeuze mchezo wa ishara na muziki. Mtunzi chipukizi angejifunzia wapi?

Mchangiaji wa tatu: Haki hiyo ilivunjwa 1843. Tanzia kubwa zilizofuata ziko wapi? Mimi nalaumu watazamaji. King Lear, tanzia ya Shakespeare, ilichezwa kwa mwisho wa furaha alioutia mtunzi Nahum Tate mwaka 1681. Kean aliurudisha mwisho wa Shakespeare 1823, Cordelia, binti wa Lear, akafa. Baada ya maonyesho machache tu, wakarudia ule wa Tate.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo umenibana. Lakini mwaka 1838 William Macready aliipandisha Lear Covent Garden bila mabadiliko ya Tate, na mcheshi wa mfalme, aliyekuwa ameondolewa, akarudi jukwaani, akichezwa na Priscilla Horton. London ileile ikaupokea. Macready alikuwa meneja: maandiko alichagua yeye, mazoezi alisimamia yeye. Kabla ya kuwahukumu watazamaji, tuwaulize kwanza mameneja.