Wapiga picha wa pwani, mnaanzaje na watu wanaokukimbia?

Chipukizi_Temeke: Wakuu, nimetoka Paje, siku nne nawapiga kina mama wa mwani. Nimerudi na migongo na kanga zilizofunika nyuso. Mmoja alinirushia fumba la mwani, likanipata shingoni. Lenzi ya milimita 300 ninayo. Nakosea wapi? Nataka kazi ya miaka, si ya wiki.

Mzee_wa_Filamu: Mdogo wangu, hiyo lenzi ndiyo iliyokuponza. Mtu akiona bomba limemwelekea kutoka mbali anajua anaibiwa.

Mimi wiki tatu za mwanzo sikufungua mkoba. Nilibeba magunia. Gunia la mwani mbichi likikutiririshia maji ya chumvi mgongoni hadi kiunoni, hata hamu ya picha huna! Nikafundishwa kufunga mche kwenye kamba: unauchomeka kwenye kitanzi na kuacha nafasi kidogo, ukikaza sana unakatika. Nilikuwa nakaza. Bibi mmoja akawa anafungua vyangu vyote na kufunga upya, anacheka mpaka anakaa majini. Picha yangu ya kwanza ya maana ni ya kicheko kile.

Na hizo siku nne zilikuwa bamvua au maji mafu? Mwani hufanyiwa kazi bamvua, bahari ikikupwa mbali.

Mtafute mpiga picha Chris Killip, mzaliwa wa Isle of Man. Kule Lynemouth, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, watu waliokota makaa ya mawe yaliyoletwa ufukweni na mawimbi, wakayapakia kwenye mikokoteni ya farasi. Alifika 1976, wakamtimua. Akarudi, wakamtimua tena. Walimkubali 1982, na baadaye akahamia na karavani lake akaishi nao kambini. Kamera yake kubwa, ya inchi 4 kwa 5, si kitu cha kuvizia nacho mtu.

Binti_Bwejuu: Mie mamaangu analima mwani. Msidhani ni haya tu. Alikuja mmoja kama wewe, akapiga, akaahidi picha. Mwaka wa pili tunaikuta sura ya mama kwenye kadi, inauzwa Mji Mkongwe. Yeye mwenyewe hana hata moja.

Chipukizi_Temeke: Mzee, shikamoo. Yalikuwa maji mafu, ndiyo maana niliwakuta wachache. Dada, pole sana kwa hilo la mama. Nikija tena na nakala zilizosafishwa, atanipokea?

Mzee_wa_Filamu: Marahaba. Hapo Binti kakupa kazi yako. Kule Shangani, Mji Mkongwe, studio ya picha ya Oza, Capital Art Studio, ipo tangu 1930. Mtu alikwenda kwa miguu yake, akakaa anavyotaka aonekane. Wewe unamfuata mtu shambani.

Binti_Bwejuu: Atakupokea. Lakini nakala iwe kubwa, ya kutia fremu. Na umpige kavaa nguo yake ya Idi. Hiyo ya majini mnaitaka nyie.