WISC-V (kipimo cha akili cha watoto): jumla 92, kumbukumbu 78, kasi 75. Nisomeje ripoti hii?

MamaPacha: Habari zenu. Mtoto ana miaka 9, darasa la tatu, mchepuo wa Kiingereza. Nyumbani ni Kiswahili. Alipimwa siku moja, saa tatu mfululizo. Uelewa wa maneno 103. Shule inasema ni ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia). Namba hizi zinathibitisha?

Mwl_Bahari: Hapana, dada. Wastani ni 100, na watoto wengi wako kati ya 85 na 115. Kupata 78 ni kwamba kati ya watoto 100 wa rika lake, kama 7 tu wako chini yake. Kwa 75, kama 5. Ukiwa na 103 upande mmoja na 75 upande mwingine, ile 92 iweke kando, soma vipengele. ADHD hutambuliwa kwa historia: dalili 6 kati ya 9 za kutotulia au za kukosa umakini, zidumu miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Dodoso la mwalimu lilijazwa? Bila hilo kazi ni nusu.

Kipimo_Sahihi: Mimi ningeanza na lugha. Kwenye kumbukumbu mtoto hutajiwa tarakimu azitaje tena. Alitajiwa kwa Kiingereza au Kiswahili? Kwa Kiingereza moja hadi tisa zote ni silabi moja, isipokuwa saba. Kwetu zote ni mbili, hata nne. Neno refu hujaza kumbukumbu upesi, kwa hiyo mtoto hushika tarakimu chache zaidi. Jedwali la Kimarekani la kukokotolea alama halilijui hilo.

MamaPacha: Kwa Kiingereza, kisha akarudiwa kwa Kiswahili.

Kipimo_Sahihi: Basi hiyo 78 usiitegemee. Tarakimu husomwa moja kwa sekunde, mara moja tu, hazirudiwi. Mwombe mpimaji aandike hilo kwenye ripoti. Usikimbilie kurudia kipimo hichohicho kabla ya mwaka kupita, maana atakuwa ameshakizoea.

Daktari_wa_Watoto: Macho na masikio yapimwe kwanza; kasi ya 75 yaweza kuwa ni macho au mkono mzito wa kuandika. Akiduwaa sekunde chache asisikie akiitwa, mwone daktari kuhusu kifafa.

Kusoma nako kupimwe kwa Kiswahili, muda ukihesabiwa kwa saa. Herufi zetu husomeka zilivyoandikwa, hivyo mwenye disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma) huweza kusoma sawasawa ila polepole mno. Hesabu maneno ya dakika moja, kisha mpe maneno ya kubuni kama “lemupa” na “nywaso”: hayo hawezi kuyakariri.