Naomba ushauri: kupima mabomba ya faibaglasi bila kuyakata

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa matengenezo huku Kigoma. Tuna mabomba ya faibaglasi yanayopitisha asidi ya salfa iliyozimuliwa. Juzi nimefungua flanji moja (kiungo cha mabomba kinachofungwa kwa bolti), ndani nikakuta malengelenge kama ya mtu aliyeungua. Nilipotoboa moja, maji yake yaligeuza karatasi ya litmasi kuwa nyekundu, yaani yana asidi.

Bosi anataka tukate vipande tuangalie. Tukishakata, tutabaki na nini?

Nimegonga kwa sarafu ya 200: penye uzima panalia kwa ukali, penye tabaka zilizoachana panalia bubu. Ila sarafu haikuambii unene uliobaki. Kipima unene chetu cha altrasoniki (kinachotumia mawimbi ya sauti), probu yake, yaani kichwa cha kupimia, ya megahezi 5, hakisomi kitu; nadhani nyuzi za kioo zinatawanya mawimbi. Isitoshe kimesetiwa kwa kasi ya sauti ya chuma, mita 5,900 kwa sekunde, wakati ya faibaglasi ni kama nusu yake.

Mliowahi kufanya hii kazi, probu ya megahezi 1 inatosha au nishuke hadi 0.5? Kasi ya sauti mnaipima kwenye kipande cha bomba lilelile? Na kipimo cha ugumu cha Barcol (kinachobonyeza sindano kwenye uso) upande wa ndani, kinawahi kuonyesha resini, yaani gundi inayoshika nyuzi, iliyolainika?