ETI "ANAHIFADHI NGUVU"?! Wakuu, huyu bwana anyang'anywe maikrofoni usiku huu huu

Chuma_Mguuni:
Wakuu habari za usiku. Mliolala, laleni tu, mna bahati yenu.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule bwana wa laivu, wa "watazamaji wanguuuu", anayetangaza kila kitu kuanzia ndondi mpaka kura za wabunge. Leo kaingia kwenye barafu. Fainali ya wanaume ya kuteleza kwa mitindo barafuni, Olimpiki ya Milano, Ijumaa tarehe 13 Februari 2026, usiku ambao sisi wachache wa mchezo huu tumeungoja tangu Beijing 2022. Na kwa vile ndiye pekee niliyempata anatangaza kwa Kiswahili, nikamwekea bando langu lote.

Sasa sikilizeni. Ilia Malinin, yule Mmarekani, anaingia wa mwisho. Kijana wa miaka 21, hajashindwa zaidi ya miaka miwili, programu fupi, yaani raundi ya kwanza, kaimaliza wa kwanza kwa alama 108.16. Desemba tu hapa, Nagoya, kapiga kwadi saba, yaani miruko ya mizunguko minne, kwenye programu ndefu moja, ile raundi ya pili, akaondoka na 238.24, rekodi ya dunia. Kwadi saba! Kuna watu hata ngazi saba hawapandi bila kupumzika. Anafungua na mruko wa flipu wa mizunguko minne, safi. Halafu inakuja ekseli, mruko mgumu kuliko yote, ile ambayo ni yeye peke yake duniani anayeitua ya minne. Anaingia uso mbele kama inavyotakiwa, anapaa, na akiwa huko huko juu MIKONO INAACHIA. Mwili umefunguka. Kazunguka mara moja na nusu, katua. Ukumbi mzima ukaguna.

Bwana yule, kwa utulivu wa hali ya juu, akasema: "Hapa anahifadhi nguvu."

ANAHIFADHI NGUVU!!!

Wakuu, ekseli ya minne thamani yake ni alama 12.50. Ya mmoja ni 1.10. Yaani umeingia sokoni na elfu kumi na mbili na mia tano, umetoka na elfu moja na mia moja, halafu jirani anakusifia unajua kuweka akiba!

Mruko wa luupu wa minne ukageuka wa miwili. Yeye: "mbinu hiyo." Kwenye mruko wa lutzi kijana akaanguka kabisa, akakaa chini barafuni. Yeye: "mbwembwe kidogo hapo." Mruko wa salkau akaanguka tena. Yeye kimya, nasikia anakunywa kitu. Kijana anamaliza, anashika kichwa, mtu yeyote mwenye macho anaona msiba, na bwana wetu anapaza sauti: "DHAHABU IMESHAENDA MAREKANI, WATAZAMAJI WANGUUUU!"

Alama zikatoka. 156.33. Wa 15 kwenye programu ndefu, wa NANE kwa jumla. Mnajua alisema nini? "Naona mitambo yao ina hitilafu, tusubiri."

Bado mpaka sasa hivi anasubiri.

Sijalala. Na silali. Anahifadhi nguvu!

Bi_Ubuyu:
Nimeamka kunyonyesha nakuta povu limefika mpaka mlangoni 😂😂 Mwacheni mwanaume ahifadhi nguvu, wa kwangu anahifadhi tangu mwaka jana na sijafungua uzi.

Kibonge_Mwepesi:
Mkuu wewe barafu unayoijua ni ile ya ukwaju ya shilingi mia, unang'ata kona ya mfuko unanyonya. Hii ya Milano nani kakuita?

Chuma_Mguuni:
@Kibonge_Mwepesi na wewe Anfield umefika lini? Mbona kila wikiendi unalia?

Narudia, maana naona watu hamjaelewa uzito. Mikono iliachia AKIWA HEWANI. Hata bibi yangu asiye na miwani angeona. Na halafu kamera inakwenda kwa Mikhail Shaidorov, amekaa kwenye kile kiti cha anayeongoza, hajui acheke au alie, ndio anagundua kwamba bingwa wa Olimpiki ni yeye. Programu fupi alikuwa wa tano! Kaja na ile kombinesheni yake ya ekseli ya mitatu inayomalizikia na salkau ya minne, akapiga 198.64, jumla 291.58. Waliomfuata wakaanza kumwagika mmoja baada ya mwingine, mpaka Kagiyama wa Japani naye akayumba, akaambulia fedha kwa 280.06. Mjapani mwenzake Shun Sato aliyekuwa wa tisa akapanda mpaka shaba. Usiku kama huo unakuja mara ngapi?

Bwana wetu akasema: "Na huyo ni kijana wa Urusi, anaonekana amefurahi kuwepo."

WA URUSI. Mtoto wa Almaty, Kazakhstan, bendera kashonewa kabisa.

Mzee_wa_Vancouver:
Wanangu, nyie mnalia na mtangazaji, sisi wengine tunalia na majaji. Olimpiki ya Vancouver 2010 mlikuwa wapi? Plushenko wa Urusi karuka kwadi, yule Mmarekani Lysacek hakuruka hata moja, na dhahabu akapewa yeye kwa 257.67 dhidi ya 256.36. Tofauti ya 1.31! Wakati wa kupokea medali Plushenko akapita kwanza juu ya ngazi ya dhahabu, akasimama kidogo, ndipo akashuka kwenye ya fedha. Nilisimama na mimi sebuleni. Tangu siku hiyo sina imani na jaji yeyote, hata wa mashindano ya Kurani.

Dubu_wa_Mbagala:
Mzee shikamoo, ila tusianze. Lysacek alikuwa msafi kuliko Plushenko, mirukio ya Plushenko ilikuwa inatua imepinda kama mnazi. Dhuluma ya kweli ni Beijing 2022. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, anaingia kwenye salkau ya minne, chuma cha kiatu kinazama kwenye SHIMO lililoachwa barafuni. Kazunguka mara moja, sifuri. 95.15, wa nane. Kwa shimo! Na bado kwenye programu ndefu akaenda kujaribu ekseli ya minne ambayo hakuna binadamu alikuwa amewahi kuitua, akaanguka, akainuka, akamaliza wa nne. Hapo ndipo mngefungua uzi.

Mzee_wa_Vancouver:
Marahaba. Shimo si jaji.

Dubu_wa_Mbagala:
Shimo ni mwandaaji, mzee.

Sina_Upande:
Hivi samahani wakuu, wanaume wazima wamevaa vishati vya kumetameta, wanashindana nini hasa?

Chuma_Mguuni:
@Sina_Upande wanashindana kuruka, kuzunguka mara nne kabla hujamaliza kusema "bismillahi", na kutua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, kwenye chuma chembamba kuliko kidole chako. Mara saba ndani ya dakika nne, na muziki juu, na sura usikunje. Wewe juzi umeteleza bafuni ukakaa ndani wiki nzima.

Na hata huyo wa vishati vya kumetameta hakustahili kuambiwa ANAHIFADHI NGUVU.

Sina_Upande:
Ya bafuni umeambiwa na nani???

Kaka_wa_Watu:
Mie nitamtetea jamaa. Mwacheni, anatafuta riziki. Nyie mnataka ajue lutzi na flipu zinavyotofautiana kwa ukingo wa kiatu saa sita usiku, analipwa na nani? Angalau anajaribu. Wengine hata Kiswahili cha kutangaza mpira kinawashinda, dakika tisini anataja "mpira unaenda, mpira unaenda". Unaenda WAPI?

Kibonge_Mwepesi:
Hahaha huyo namjua! Huyo ndiye alitangaza penalti akasema ni kona. Fungua uzi wake, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Chuma_Mguuni:
Jamani msihamishe mada. Kujaribu ni kusema "jamani sijui, tutazame wote". Ningemwelewa! Kilichoniua ni ile SAUTI. Uhakika ule. Kijana wa watu, wazazi wake wote wawili waliteleza kwa ajili ya Uzbekistan na ndio makocha wake, amekaa pale kuona alama zinatoka, dunia imemkalia, na mtu yuko chumbani kwake na taa ya mduara anasema anahifadhi nguvu. Anahifadhi ya nini? Ya kesho? Kesho kuna nini?

Nukta_Nukta:
Kwa faida ya uzi: Kazakhstan hii ndiyo dhahabu yao ya kwanza ya kuteleza kwa mitindo. Kabla yake walikuwa na shaba ya Denis Ten, Sochi 2014, yule aliyeuawa Almaty 2018 na wezi waliokuwa wanaiba vioo vya gari lake. Na dhahabu yao ya mwisho ya majira ya baridi ya mchezo wowote ilikuwa Lillehammer 1994. Kocha wa Shaidorov ni Alexei Urmanov, naye bingwa wa Olimpiki wa Lillehammer hiyo hiyo. Mtangazaji mwenye akili timamu angekuwa analia pale.

Bi_Ubuyu:
Sasa ona, nimeanza kulia mimi. Shaidorov si ndiye yule anayevaa vazi la panda kwenye maonyesho? Nampenda huyo. Mungu ampe maisha marefu.

Chuma_Mguuni:
Ndiye. Asante @Nukta_Nukta. Yote hayo sisi tumeambiwa "anaonekana amefurahi kuwepo".

Mpenda_Haki:
Mimi malalamiko yangu ni bando. Nimeweka la usiku, limeisha Kagiyama akiwa ndio anafunga kamba za viatu. Huyo jamaa wa laivu simjui wala hakunikera, sikumsikia kabisa. Nani anajua kifurushi kisichokufa katikati?

Kaka_wa_Watu:
Weka la wiki, mkuu. La usiku ni utapeli.

Mpenda_Haki:
La wiki nalo linaisha Jumatano.

Dubu_wa_Mbagala:
Kwangu ni jirani. Kila Ijumaa anafungulia spika mpaka vyombo vinatembea kabatini. Leo Sato anateleza kwa muziki wake, mimi nasikia singeli. Na mambo yalivyo, ilikuwa inaendana!

Mzee_wa_Vancouver:
1.31 wanangu.

Kibonge_Mwepesi:
Mzee kalale.

Chuma_Mguuni:
Nimerudi kutazama marudio. Nimegandisha picha pale pale. Mikono imeachia, kichwa kimegeuka, uso wa kijana unaonekana KABISA kwamba imeshaharibika. Nimeongeza sauti: "Hapa anahifadhi nguvu." Nitaweka iwe mlio wa simu ili nisisahau kumchukia.

Bi_Ubuyu:
Wakati mko macho wote na mnazungumzia barafu: nina friza nauza. Nilikuwa nafanyia biashara ya barafu za ubuyu na ukwaju, sasa na mtoto mchanga siwezi. Haijafunguliwa na fundi hata siku moja.

Kibonge_Mwepesi:
Kumbe ndio maana ya jina 😂 Picha?

Sina_Upande:
Bei ya mwisho?

Bi_Ubuyu:
@Sina_Upande hujauliza hata ya kwanza. Laki tatu na nusu, maongezi yapo.

Mpenda_Haki:
Laki tatu na nusu kwa friza iliyotumika? Dada unauza na hiyo biashara yenyewe?

Kaka_wa_Watu:
Uko wapi? Mke wangu alikuwa anatafuta.

Mzee_wa_Vancouver:
Muulize inakaa na barafu muda gani umeme ukikatika. Hilo ndilo la kuuliza, mengine mapambo.

Bi_Ubuyu:
Mzee, asubuhi mpaka jioni ukiwa hujafungua fungua. Ni ya mlango wa juu.

Chuma_Mguuni:
Lita ngapi?